Komeo Lilikuwa Upande Wangu

Mama zangu, ndugu zangu, amani ya Bwana iwe humu ndani. Nimesimama lakini magoti yanacheza, mtanivumilia. Mnanijua kwa kushona vitenge. Hamjui kwamba mwaka mzima nilikuwa siwezi kufungua mlango.

Tulikuwa na spaza, kile kiduka cha mtaani, kule Diepsloot. Watu walikuja mchana kweupe kupora maduka ya sisi wageni, wakapiga mabati, mimi niko chini ya kaunta, kitambaa mdomoni nisilie. Walibeba kila kitu. Tukahamia mtaa huu wa Kensington. Lakini mtu akigonga tu, nalala chini. Siku moja binti yangu katoka shule, mvua inanyesha. "Mama, yimi! Ni mimi!" Namsikia, ndugu zangu. Mwili ukakataa. Alilowa pale nje mpaka jirani akamchukua.

Halafu jirani huyo, binti yangu akimfungulia, akaniletea mzee mmoja Mwitaliano, muongozaji wa filamu, anatafuta fundi wa kushona nguo za waigizaji wake. Anajua Kifaransa, nami nilikisoma shule ya jioni, basi tukasikilizana.

Nikishona, yeye anasimulia. Mama yake alifua mashuka ya hoteli. Yeye alianza kwa kuwabebea watu wa filamu nyaya za taa. Filamu yake ya kwanza aliwaigizisha wafuaji wenyewe, ikapata tuzo. Ya pili, ukumbi mzima ulimpigia miluzi, na kwao huko ni kuzomewa. Akajifungia. Miaka kumi anatengeneza matangazo ya sabuni tu.

"Niliogopa watu, mama."

"Na sasa?"

"Angalia mikono yangu."

Kumbe inatetemeka! Mimi nilidhani ni uzee.

Filamu aliyokuja kufanya hapa ilikuwa ya mwanamke mwenye spaza. Mwigizaji wake akaugua. Mzee akanitazama, akasema nicheze mimi.

"Papa, una wazimu?"

"Kidogo," akacheka. "Sikia. Kazi yetu ina neno moja, stop. Likisemwa, wote wanatulia. Ni langu miaka yote. Leo nakupa wewe."

Nawaambia, siku ile Diepsloot neno hilo sikuwa nalo.

Niliomba siku tatu, nikaenda. Nikalala chini ya kaunta ya uongo. Mabati yakaanza kupigwa. Jasho likanitoka, mkojo pia, sifichi. Ilitakiwa nilale tu. Lakini nilimsikia binti yangu kwenye mvua. Nikainuka, nikavuta komeo, nikafungua, nikapaza sauti: "Stop!"

Nje, wanaume watatu wana nyundo, mmoja ana magwinya, yale maandazi ya hapa, mdomoni. "Eish, sorry, mama." Nikacheka mpaka nikalia. Mzee naye analia, lakini kamera hakuizima.

Amerudi kwao sasa. Kipande kile alikiacha kwenye filamu kama kilivyo. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa jirani yangu, na kwenu mlioniombea bila kujua naumwa nini.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa namwomba Mungu awaondoe watu mlangoni, kumbe komeo lilikuwa upande wangu. Sisemi hofu imeisha, nisiwadanganye. Jana binti yangu aligonga, mara moja tu, hakusema ni nani. Nikaenda kufungua, kwa magoti haya haya yanayocheza.