Mwalimu Getruda na Malalamiko ya Munira

Marehemu Mwalimu Getruda Mikaeli alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kambi ya wakata mkonge nje ya mji wa Korogwe, mtoto wa tatu wa Mzee Mikaeli Nicolaus na Mama Edna. Alisoma Korogwe, akahitimu ualimu mwaka 1988. Mwaka 1992 alifunga ndoa na Valentino, fundi seremala, wakajaliwa Rhoda na Nicolaus.

Mwaka 2004 alikuwa mwalimu wa malezi katika sekondari moja wilayani Handeni. Munira, binti wa kidato cha pili, alimjia akilia: mwalimu mmoja alikuwa amemshika maungo stoo ya vitabu. Getruda, akitaka kutenda haki pande zote, alimwita mwalimu huyo palepale. Alipoingia, Getruda akamwambia binti, "Mwamkie mwalimu wako kwanza, ndipo useme." Munira akasema shikamoo. Baada ya hapo hakutamka neno. Getruda akaandika daftarini kwamba hakuna malalamiko. Wiki iliyofuata, kitanda cha Munira bwenini kilikuwa kitupu.

Jambo hilo lilimkaa kooni. Kuanzia mwaka 2009 alizunguka shule za Handeni na Korogwe hadi Mashewa, akiwafundisha walimu, matroni na walinzi kupokea malalamiko ya namna hiyo: mtoto asikilizwe faragha, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, na anayetuhumiwa asikilizwe kwa wakati wake, asihukumiwe kwa minong'ono. Kila semina aliianza kwa kusimulia kosa lake mwenyewe. Mlinzi mmoja, Mzee Rehani, alimtania: "Mwalimu, hata mimi wa getini nisomee mambo ya ofisini?"

"Mzee wangu, wakitoroka shule wanapita kwa nani?"

Ukumbi ulicheka. Mzee Rehani hakucheka, aliomba kalamu.

Mwaka 2019 alimpata Munira huko Segera, akiuza machungwa. "Umechelewa, mwalimu," Munira alimwambia. Hata hivyo alisema yote, Getruda akayaandika, kurasa nne. Getruda alizipeleka ofisi ya elimu, akajibiwa kwamba mtuhumiwa alikwishafariki miaka mitatu nyuma. Wenzake walimshauri amtaje tu hadharani. Alikataa, kwa kuwa hakukuwa na wa kujibu. Alirudi Segera kumweleza Munira.

"Kwa hiyo safari hii pia imeandikwa hakuna," alisema Munira, akamgeukia mteja.

Getruda aligundulika na saratani mwezi Juni 2023. Akiwa kitandani alimwambia Rhoda, "Kwenye wasifu msiandike kwamba niliondoka na moyo mweupe. Andikeni la Munira." Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake, Ritha. La Munira tumeliandika, kama alivyoagiza. Amani aliyoikosa katika jambo hilo, Mungu amjalie sasa.