Picha Mbele ya Benchi

Asubuhi hiyo Mzee Birika, muuza kahawa, alikuwa akimimina kwa mkono mzito, nusu kikombe nusu kikombe, ili wateja wasiondoke mapema. Roho ilikuwa juu juu. Ukutani, mbele ya benchi, alikuwa ameegemeza picha ya bintiye: ubao mpana wenye magunia, mchanga, gundi na rangi, vimepandana mpaka vimevimba. Hakuna aliyemfundisha. Mchana binti hupiga plasta nyumba za watu, jioni hujifungia na mbao zake. Jana alisema, "Baba, iweke nje, usiseme ya nani. Wakiicheka, naipasua iwe kuni." Sasa binti alikuwa nyuma ya mlango wa nyumba, ametega sikio.

— Hii ni ramani, alianza Kinyozi. Huo mstari mwekundu ni barabara.

— Barabara gani hiyo isiyofika popote? alidakia Sindano, fundi cherehani. Hilo ni shati la mtu aliyefanya kazi mpaka likaganda mwilini. Tazama gunia lilivyoshonwa. Mkono huo unajua!

— Nyie hamna macho, alisema Waziri, ambaye kazi hana ila maoni anayo. Huo ni moyo wa mama mkwe wangu. Juu mkavu, lakini chungulia kwenye nyufa. Bluu tupu, kama maji!

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee Birika akashtuka, akageukia mlango.

— Wanamcheka Waziri! alipaza sauti. Waziri!

— Tumesikia, Mzee, alisema Kinyozi. Sasa kelele za nini?

— Mimi sitanii, Waziri aliendelea, sauti imeshuka. Siku tuliyomzika baba, yule mama alinishika mkono mpaka jioni. Bluu hiyo niliiona. Aliyetengeneza kitu hiki naye ameiona.

Kinyozi alisimama, akaisogelea picha, akaitazama kwa ubavu kama anavyotazama kichwa alichomaliza kunyoa.

Ndipo akapita mama mmoja, mteja wa Sindano, amefuata gauni lake. Akainama pale ubaoni.

— Samahani jamani. Mbona inanukia kahawa?

Wakatazamana. Wakalitazama birika, lakini birika lilikuwa limeshapoa, na vikombe vilikuwa vitupu. Kinyozi akapeleka pua kwenye weusi wa chini.

— Ni kweli. Inatoka humu humu.

Mzee Birika alijua. Kila jioni binti hukusanya machicha ya kahawa, akayaanika, akayachanganya na gundi. Mzee aliangalia viatu vyake.

— Kahawa ya hapa hiyo! Waziri aliruka. Basi na sisi tumo!

— Mimi niko upande gani? aliuliza Sindano, kwa dhati kabisa.

Mlango ukafunguka. Binti akatoka, gundi mpaka viwikoni, macho mekundu, kopo mkononi.

— Shikamooni, alisema. Baba, machicha yaliyobaki ndani ya birika usiyamwage. Nina ubao mwingine.