Aliyeifundisha Kompyuta Kupanga Herufi

Mzee Risasi hakusalimia mtu. Alijitupa kwenye benchi nje ya kiwanda cha uchapaji, akasonya, na Mama Kahawa akamjazia kikombe bila kuulizwa. Ujana wake wote kaumalizia humo ndani, akipanga herufi za madini ya risasi kwa vidole, mpaka jina likamganda. Wiki iliyopita bosi kasema mpangaji atabaki mmoja: jifunze kompyuta, ukishindwa kwaheri. Leo kashindwa, akawasimulia. Kitabu kizima kakipanga kwa mazoea yake ya zamani, kila mstari akiujaza nafasi kwa mkono, moja moja, hadi kingo zikanyooka. Bosi akapunguza upana wa ukurasa, kazi yote ikasambaratika.

— Kompyuta imeletwa na mabosi, alisema Dobi. Haiugui, haifiwi, haiombi likizo.

— Wapi! alidakia Kinyozi. Ni wapelelezi. Wapanga herufi walikuwa wanasoma siri za serikali kabla ya waziri mwenyewe. Ikabidi watolewe.

— Mnabwabwaja tu, alisema Kibodi, mpangaji mwenzake, ambaye meza yake kiwandani inapakana na ya mzee. Kuna profesa wa hesabu huko nje. Wachapaji waliacha risasi, wakaleta mitambo mipya, kitabu chake kikatoka kibaya. Akakasirika, akaandika programu yake mwenyewe. Inatazama aya nzima kwanza, ndipo inaamua mstari ukatwe wapi. Nafasi zinajivuta zenyewe. Alitaka kipendeze kama cha zamani.

— Zamani ipi? Ya risasi?

— Hiyo hiyo, mzee wangu.

Mzee Risasi alitua kikombe chini. Kumbe aliyemnyang'anya riziki alizipenda herufi zile zile!

— Si angeniita tu! alifoka.

Walicheka. Yeye hakucheka.

— Huyo si profesa, ni jini, alisema Kinyozi. Binadamu gani anagombana na nafasi?

Mama mmoja mpita njia, mgeni pale kijiweni, alikuwa amesimama anakunywa kahawa yake, akisikia yote.

— Samahani, baba. Wiki nzima unajaza nafasi kwa mkono, hata jirani yako wa meza hakukwambia kwamba kompyuta inajaza yenyewe?

Mzee Risasi aligeuka taratibu.

— Kibodi, mwanangu. Ulikuwa unaniona?

Kibodi aliinua kikombe kilichokwisha kahawa, akanywa hivyo hivyo.