Mashine ya Vidosav Imepoteza Sauti

Mbele ya duka la mikate la Stanija, mjini Niš, kuna benchi moja na makreti mawili ya bia yaliyopinduliwa, na hicho ndicho kijiwe cha watu wa Linux. Usiwachanganye na wacheza sataranji wa kando ya mto, wale wana akili timamu. Hawa ni watu wazima ambao kompyuta zao zilitoka dukani na mfumo wake, wakaung'oa, wakaweka huu wa bure unaokuachia uguse kila kitu. Tangu siku hiyo hawajaonja raha, na ukiwapa hawaitaki. Wanakaa hapo kwa sababu intaneti ya Stanija inafika mpaka benchini, na kahawa yake anaipika mwenyewe kwenye birika la mkono, nzito, yenye machicha chini. Alasiri hiyo Vidosav, mzee aliyestaafu kazi ya kugeuza njia za treni, alifika ameikumbatia laptop yake kama mtu anayempeleka mgonjwa zahanati. Ilikuwa imekuwa bubu, na saa kumi na moja jioni angepigiwa video kutoka Graz.

Vidosav ndiye aliyesimamia ndoa ya Jagoda na Nebojša, wanaoishi Graz, ng'ambo, na kwa watu wa huku msimamizi ndiye anayempa mtoto jina. Halitajwi kabla ya wakati. Wazazi wenyewe wanalisikia siku hiyo pamoja na wageni, na wakishalisikia hawabishi. Binti alikuwa amezaliwa salama, ndugu wamekusanyika Graz, na wote wanamngoja Vidosav afungue kinywa. Shida aliyoileta kijiweni ilikuwa ya sauti. Ile ya pili aliificha: jina lenyewe hakuwa nalo. Alipewa muda wa mimba nzima alitafute, na kila alipokaa kufikiri aliona kuna kitu kidogo cha kurekebisha kwenye mashine kwanza.

Wa kwanza kuinamia kioo alikuwa fundi wa mashine za kufulia. Wanamwita Šraf, yaani skrubu, kwa kuwa hajawahi kufunga mashine ya mtu bila kubakiwa na skrubu moja mkononi.

ŠRAF: Imeanza lini?

VIDOSAV: Leo asubuhi. Jana ilikuwa inaimba.

ŠRAF: Uligusa nini?

VIDOSAV: Sikugusa kitu.

ŠRAF: Mzee wangu, usinizingue.

VIDOSAV: Nilibadilisha rangi ya saa. Na faili moja. Matatu. Lakini madogo.

ŠRAF: Unaona. Unatumia Linux ya wazee, ndiyo maana. Hamia kwenye yangu, ile inayojisasisha kila kukicha.

Linux ina madhehebu mengi kuliko makanisa, na dhehebu la Šraf ni la watu wanaoamka kila siku na kuikuta mashine si ile waliyoiacha jana. Aliyemjibu ni Radunka, mwalimu wa kemia mstaafu, ambaye mfumo wake haujabadilika tangu wanafunzi wake wa mwisho wamalize shule. Kijiwe kizima kinamwita Mwalimu.

MWALIMU: Yako Alhamisi iliwaka?

ŠRAF: Alhamisi ilikuwa na sababu.

MWALIMU: Na Ijumaa?

ŠRAF: Ijumaa nilikuwa naitafuta sababu ya Alhamisi.

Mtu wa tatu alikuwa Blagoje, dereva wa teksi aliyeachana na usukani baada ya mgongo kugoma. Wanamwita Promaja, jina la ule upepo unaopenya kati ya dirisha na mlango vikiwa wazi kwa pamoja. Kila mtu huku anauogopa upepo huo, ila Blagoje amezidi. Kwake yeye hakuna ugonjwa duniani usiotokana nao.

PROMAJA: Jana usiku uliilaza wapi hii?

VIDOSAV: Mezani, karibu na dirisha.

PROMAJA: Na mlango?

VIDOSAV: Ulikuwa wazi kidogo.

PROMAJA: Basi. Imepigwa koo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

ŠRAF: Aisee Promaja, mashine haina koo.

PROMAJA: Ilikuwa inaongea kwa kutumia nini?

Wakanywa kahawa. Stanija alitoka na birika la pili, akamtazama Vidosav anavyotoa jasho, akamhurumia.

STANIJA: Mzee Vidosav, si utumie simu yangu tu? Ina video, ina sauti, ina kila kitu.

Wote wanne waliduwaa. Vidosav ana simu ya vitufe, kwa msimamo. Mwalimu hana kabisa. Šraf anayo, ila aliitilia mfumo wake mwenyewe, na tangu hapo haipigi wala kupokea, inaonyesha hali ya hewa ya mji mwingine.

ŠRAF: Dada Stanija, jina la mtoto lipite humo? Makampuni yalijue kabla ya baba yake?

STANIJA: Yakilijua yatalifanya nini?

ŠRAF: Hapo ndipo wanapokunasa. Hujui watalifanya nini.

Stanija alirudi ndani kwenye boreki zake, ile mikate ya jibini. Kwa kweli Vidosav alitamani kuinuka amfuate, aichukue ile simu mambo yaishe. Lakini mambo yakiisha, kitakachobaki ni jina, na jina halipo. Akavuta kreti karibu na benchi.

VIDOSAV: Tuendelee.

Mwalimu aliuliza kama kuna mtu aliyetazama sauti inaelekezwa wapi. Šraf akamwambia hayo ni maswali ya chekechea, tatizo liko chini zaidi, kwenye seva ya sauti, ile programu inayogawa sauti, pengine kwenye kiini chenyewe cha mfumo. Alikuwa ameshafungua lile dirisha jeusi la amri na vidole vinakimbia. Mwalimu alimsukuma pembeni, akafungua mipangilio, akasoma kwa miwani iliyoshuka puani.

MWALIMU: Sauti inakwenda kwenye televisheni.

VIDOSAV: Televisheni ipi? Nimeiacha nyumbani.

MWALIMU: Ndiyo hiyo. Jana si uliunganisha ukatazama mpira? Inaongea nayo mpaka sasa.

Alibonyeza mahali pamoja, kisha akaiamuru mashine ijijaribu. Ikatoka sauti ya mwanamke, safi kabisa: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Promaja alivua kofia. Vidosav akajaribu na maikrofoni, akakohoa, na kikohozi chake kikamrudia sikioni kizima kama kilivyotoka.

PROMAJA: Ni kwa vile tumeiweka mbali na dirisha. Imepata joto.

MWALIMU: Imepona, Vidosav. Na muda bado upo. Kunywa kahawa utulie, upange maneno yako.

Vidosav alishika kikombe akaanza kulitafuta jina. Alilifikiria la mama yake, Persida, akaona ni zito, mtoto ataonekana bibi angali kwenye nepi. Akalifikiria Lenka, akakumbuka Lenka wa posta, mwanamke mkali. Akamfikiria binti huyo akiwa darasani, akiwa bibi harusi, akiwa mzee kama yeye, kila mahali akiitikia neno moja lililotoka kwa mstaafu wa reli aliyeketi juu ya kreti la bia. Aliogopa. Aliogopa kuliko usiku wowote wa kazi, maana treni ukiipeleka njia isiyo yake unaweza kuirudisha.

VIDOSAV: Hamuoni kama inakwaruza kidogo?

MWALIMU: Nini?

VIDOSAV: Sauti. Pale kwenye kulia.

MWALIMU: Haikwaruzi.

ŠRAF: Inakwaruza. Nimeisikia.

MWALIMU: Vidosav, acha. Imefanya kazi. Kitu kikifanya kazi unakaa mbali nacho.

ŠRAF: Mwalimu, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kuna toleo jipya la seva ya sauti. Ni kubonyeza tu.

Mwalimu alimtazama Vidosav usoni muda mrefu, vile alivyowatazama wanafunzi waliodai wamesahau daftari. Vidosav alitazama kahawa.

VIDOSAV: Bonyeza.

Mistari ikaanza kumiminika kwenye kioo. Mara seva ya sauti ikataka maktaba mpya, maktaba ikataka kiini kipya, kiini kikataka nusu ya mashine ing'oke kwanza. Šraf alikuwa anakubali kila ombi bila kusoma, kama mlevi anayesaini ndoa.

MWALIMU: Imeuliza kama una uhakika.

ŠRAF: Huwa inauliza.

MWALIMU: Imeuliza kwa herufi kubwa.

ŠRAF: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ikajizima ili ijiwashe upya. Haikuwaka. Kioo kilibaki cheusi na kistari kimoja cheupe juu pembeni, kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika.

PROMAJA: Hiyo inafanya nini?

ŠRAF: Inafikiri.

PROMAJA: Inafikiri nini?

ŠRAF: Nadhani haijijui ni nani. Kiini ni kipya, viendeshi vya zamani. Mwili wa huyu, roho ya yule.

PROMAJA: Mimi nasema imetusikia. Tangu mchana tunaisema vibaya mbele yake. Mashine ya teksi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, ukiisema haiwaki mpaka uiombe radhi.

ŠRAF: Inawezekana pia ni mnara ule wa kule kilimani. Ukipokea mawimbi mengi, wanavuta umeme wa vitu vidogo.

PROMAJA: Kina nani?

ŠRAF: Ndiyo swali hilo.

Walibishana hivyo, kila mmoja akiongeza chumvi juu ya hoja ya mwenzake, mpaka ikawa mnara na upepo na hasira ya mashine ni ugonjwa mmoja. Na Vidosav, Mungu amsamehe, alipumua. Mashine ikifa hakuna video, na bila video hakuna jina leo. Labda kesho. Labda ukoo utachoka na mtu mwingine atapewa kazi hiyo. Alijisikia mwepesi, halafu akajisikia vibaya kwa wepesi huo.

ŠRAF: Mzee, usihuzunike. Ikigoma kabisa tunafuta kila kitu tunaanza upya. Hiyo ndiyo raha ya Linux. Mimi yangu nimeifuta mara ngapi sijui.

VIDOSAV: Mtoto humfuti ukaanza upya.

ŠRAF: Mtoto gani? Mimi naongelea mashine.

Mwalimu aliinua macho. Alisogea akakaa kando ya Vidosav, akaweka laptop mapajani.

MWALIMU: Mfumo huu haukitupi kiini cha zamani mpaka uambiwe. Bado kimo humo.

Aliizima, akaiwasha huku ameshikilia kitufe. Ikatokea orodha fupi, akashuka hadi mstari wa pili, akabonyeza. Kistari kikatoweka, ikaja ile picha ya daraja la reli ambayo Vidosav anaipenda. Akaijaribu tena. Kushoto, ikasema mashine, kulia.

PROMAJA: Imesamehe.

ŠRAF: Sasa tukiweka lile toleo polepole...

MWALIMU: Šraf, ukiigusa nitakumwagia kahawa.

Stanija alitoka dukani akijifuta unga mikononi, akawasha taa ya mlangoni, akasimama nyuma ya benchi kungoja. Wateja wawili wenye mikate yao nao wakasimama, kwa sababu mtoto akipewa jina huwezi kupita tu. Promaja alivaa kofia tena, akaiweka sawa. Laptop ikaita.

Uso wa Jagoda ulijaa kioo chote, umechoka, unacheka. Mtoto alikuwa kifuani pake amefungwa shali jeupe, linaonekana sikio tu. Nyuma yao walisimama watu wengi, baadhi wameshika glasi.

JAGODA: Mnatuona? Mnatusikia?

WOTE: Tunawasikia.

JAGODA: Na sisi tunawasikia vizuri kabisa, kama mko hapa chumbani. Nebojša, zima redio. Haya, Baba Msimamizi, tuko tayari. Mtoto anaitwa nani?

Kule Graz watu waliinua glasi zao. Kijiweni Šraf alimtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama Vidosav, na Promaja, mwenye maoni hata juu ya hali ya hewa ya mwezi ujao, alitazama viatu vyake. Vidosav alifungua kinywa. Persida lilikuja likapita. Lenka lilikuja likapita. Mtoto alitoa mkono mmoja kwenye shali, akaufunga, akaufungua.

JAGODA: Baba Msimamizi?

Kimya.

JAGODA: Nebojša, hawasikiki tena. Midomo yao nayo haisogei. Sauti imekatika.

NEBOJŠA: Labda ni spika yetu.

Šraf aliruka kutoka kwenye kreti. Hatimaye swali analoliweza. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kibodi Vidosav alipoushika kwa nguvu asizojua bado anazo.

VIDOSAV: Usiiguse. Hiyo ni nzima.

Alisema kwa sauti ndogo mno, haikufika hata kwa Stanija aliyesimama nyuma yake. Na kule Graz, Jagoda alikuwa ameshampa mumewe mtoto ili apate mikono miwili ya kuitengeneza spika.