Aliye Juu Haambiwi

DADA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

KINDI: Nani tena? Unapiga simu yangu halafu unauliza nani!

DADA: ...Kindi?

KINDI: Ndiye. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Mbona umepokea wewe?

KINDI: Makubwa! Simu yangu mwenyewe nisipokee?

DADA: Si huwa unaiacha chini? Huwa anapokea yule mshika kamba wako, ananiambia fundi yuko mtini, piga baadaye.

KINDI: Leo nimepanda nayo. Iko kwenye mfuko wa shati, waya masikioni. Jana ulisema mzee hakulala, nikaona nisi— subiri. We chini! Sogea! Umesogea? (kishindo cha tawi) Haya. Nikaona nisikose simu yako.

DADA: Kwa hiyo uko juu. Sasa hivi.

KINDI: Niko juu, ndiyo. Si nilikuambia, kazi ya kupogoa ule mwarobaini kwenye ofisi za bima. Umelalia paa lote. Watu wa bima, dada, wanaogopa tawi! Wao ndio wangetuambia sisi tusiogope.

DADA: Juu kiasi gani?

KINDI: Nimeipita ghorofa ya pili. Kuna karani hapa dirishani anakunywa chai, ananitazama mimi badala ya kazi yake.

DADA: Mpe simu mshika kamba.

KINDI: Nimpeje? Nimtupie?

DADA: Basi mwambie anipigie kwa simu yake.

KINDI: Una shida gani naye? Yule ana mke, nakuonya mapema.

DADA: Kindi, acha utani.

KINDI: Haya, nimeacha. Mzee kaamkaje?

(mtandao unakwaruza)

DADA: Unakatika. Sikusikii.

KINDI: Nasema, mzee kaam—

DADA: Shuka kwanza.

KINDI: Nini?

DADA: Shuka, ndipo tuongee. Huko kuna upepo.

KINDI: Upepo hakuna. Hata jani halitikisiki.

DADA: Shuka basi, mdogo wangu.

KINDI: Unamkumbuka yule fundi wa zamani, aliyekuwa akipanda na baba?

DADA: Kindi—

KINDI: Aliyepigiwa kelele akiwa juu, eti mkeo kajifungua mapacha.

DADA: Namkumbuka.

KINDI: Akanyanyua mikono yote miwili! (anacheka kidogo) Na ilikuwa habari njema. Bega halikurudi sawa mpaka leo. Ndipo baba akasema basi, kuanzia sasa aliye juu haambiwi. Si la heri, si la shari. Hata kama ni chai imeiva, haambiwi. Anaambiwa shuka.

DADA: Mdogo wangu, sikia—

KINDI: Na wewe umeniambia shuka. Mara mbili.

DADA: Sijakuambia kitu chochote.

KINDI: Ndiyo. Hujaniambia.

(msumeno unagonga shina)

KINDI: Basi acha nimalizie hili tawi.

DADA: Usiguse huo msumeno!

KINDI: Limebaki kidogo tu. Halafu lile la upande wa paa. Niliwaahidi mchana wataliona bati lao.

DADA: Wataliona kesho. Bati haliendi popote.

KINDI: Mimi nabaki huku, dada.

DADA: Unabaki huko mpaka lini?

KINDI: Sijui. Nimekaa vizuri tu, hapa matawi yanapoachana. Nikishuka, utasema. Nisiposhuka, huwezi. Sheria ni ya baba mwenyewe.

DADA: Usinichezee na maneno ya baba.

KINDI: Sikuchezei. Nimekuwa... sijui. Nilidhani mtu akijua, analia. Mimi natazama sisimizi. Wanapanda tu, wamebeba sijui nini, wanapita juu ya kidole changu. Wala siwahisi.

DADA: Mimi nimefua mashuka.

KINDI: Eh?

DADA: Tangu asubuhi. Nimefua, nimeanika, nikaona moja halijatakata, nikalishusha nikalifua tena. Shangazi ananiambia kaa, mimi natafuta sabuni. Na mimi silii, Kindi. Najiuliza nina roho gani.

KINDI: Mashuka ya—

DADA: Mashuka tu.

KINDI: Haya.

(mtandao unakwaruza)

DADA: Bado upo?

KINDI: Nipo.

DADA: Umejifunga?

KINDI: Mm?

DADA: Mkanda wako. Umeufunga wapi?

KINDI: Nilikuwa nahama. Nilifungua pale chini ili nifunge hapa juu. Simu ikalia.

DADA: Ukafunga? Kindi! Ukafunga?

KINDI: Unaning'inia.

DADA: Nini kinaning'inia?

KINDI: Mkanda. Uko magotini. Nimekaa hivi hivi, dada, kama niko sebuleni.

DADA: Ee Mungu wangu. Usisimame. Usiinuke hata kidogo. Mkono wa kushoto uko wapi?

KINDI: Pajani.

DADA: Kumbatia shina. Kumbatia, usishike!

KINDI: Nimekumbatia.

DADA: Msumeno umezima?

KINDI: Umezima. Nimeutundika.

DADA: Sasa wa kulia, vuta mkanda. Taratibu. Uzungushe nyuma ya shina.

KINDI: Mkono hausikii. Umekuwa wa baridi, kama si wangu.

DADA: Wako huo. Zungusha.

KINDI: ...Naona kama natazama mtu mwingine anafanya.

DADA: Mwache afanye. Lakini afunge. Usidhani sijui ninachosema. Nimemshikia baba kamba kabla hujaota ndevu.

KINDI: Umeingia.

DADA: Vuta uone.

KINDI: Nimevuta. Umekaza.

DADA: Vuta tena.

KINDI: Umekaza, dada.

DADA: (anahema) Haya. Mwite mwenzako akaze kamba ya kushukia.

KINDI: We chini! Kaza kamba! Nashuka! ...Eti kimetokea nini.

DADA: Usimjibu. Yeye akaze tu. Mguu?

KINDI: Natafuta mahali pa kukanyaga. Nimepata. Ongea basi.

DADA: Niongee nini?

KINDI: Chochote. Cha kawaida tu, nisikie sauti.

DADA: Hapa... mama mdogo amefika. Amekuja na viti vya kuazima.

KINDI: Viti vya nini?

DADA: ...Vya kukalia.

KINDI: Haya.

DADA: Wewe shuka. Jirani naye kaleta sufuria kubwa, haipiti mlangoni. Wanaume watatu wanaizungusha huku na huku. Kila mmoja fundi.

KINDI: Waitoe mpini.

DADA: Haina mpini, ina masikio.

KINDI: Basi waiinamishe.

DADA: Nitawaambia. Umefika wapi?

KINDI: Namwona karani usawa wa macho. Kaacha chai yake, kashika dirisha.

DADA: Usimtazame.

KINDI: Nimempita. (anahema) Naona kofia ya jamaa. Hapa... hapa naweza kuruka.

DADA: Huruki! Kanyaga!

KINDI: Nimekanyaga. Niko chini.

DADA: Miguu yote miwili?

KINDI: Yote. Nimefungua kamba. Jamaa ananishika bega.

DADA: Kaa chini.

KINDI: Nimekaa. Juu ya matawi. Haya, dada. Sema.

DADA: Baba amefariki, Kindi.

KINDI: Ndiyo.

DADA: Asubuhi hii. Nilikuwa namgeuza upande. Akavuta pumzi, nikangoja nyingine, haikuja.

KINDI: Ndiyo.

DADA: Nilitaka mwenzako akushushe kwanza. Sikujua simu unayo mwenyewe. Nilipokusikia wewe nikakosa la kufanya.

KINDI: Alisema kitu?

DADA: Alikuuliza. Nikamwambia uko kazini. Akauliza, amepanda?

KINDI: Ukamwambia nini?

DADA: Nikamwambia ameshashuka. Sikutaka aende na wasiwasi.

KINDI: Nilikuwa ndiyo kwanza nafunga mkanda.

DADA: Nilijua.

KINDI: Akasema nini?

DADA: Akasema, basi mpigie umwambie naondoka. Alitaka kukusikia.

(vijiti vinavunjika mkononi mwake)

DADA: Kindi? Simu ilikuwa mkononi mwangu. Na wewe nilikuwa nimeshakushusha kwa mdomo tu; ningepiga, mwenzako angesema uko mtini. Nikaiweka. Nikasema nitapiga baadaye kidogo.

KINDI: Ungepiga ningepokea, dada. Ilikuwa mfukoni.

DADA: Sasa najua.

KINDI: Ningepokea.

DADA: Njoo nyumbani, mdogo wangu. Usiendeshe, mwenzako akulete. Vyombo mwachie mlinzi.

KINDI: Nakuja. Usikate kwanza.

DADA: Salio langu linaisha.

KINDI: Hata kama. Usikate.

DADA: Sikati. Liishe lenyewe.