Zimataa na Picha ya Mwashi

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Zimataa hata mkasahau jina alilopewa na wazazi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi vyuma. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, na Februari 1968 akaajiriwa ukumbi wa sinema, kwanza kufagia, kisha kuzima taa na kuendesha mtambo wa picha, kazi aliyoifanya mpaka ukumbi ulipofungwa mwaka 1996. Tarehe 14 Agosti 1976 alimwoa mama yetu, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto watatu.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwashi anayeanguka kutoka kwenye ngazi mara saba, na ukumbini watu waliicheka mpaka viti vikalia. Mwaka 1988 aliibeba hadi hospitali, wodi ya waliovunjika mifupa, akidhani kicheko ni kicheko tu, lakini mwashi alipoanguka mara ya kwanza hakuna aliyecheka, wengine wakajifunika shuka, naye akazima mtambo, akaomba radhi kitanda hadi kitanda. Tangu hapo hakuonyesha picha mahali popote kabla ya kwenda kukaa kwenye viti vya hapo, aone watazamaji wake wako katika hali gani. Mama akamwambia aache kujisumbua, picha ni ileile, akajibiwa kwamba hata chai ni ileile, ila ya nyumbani na ya wodini hazinyweki sawa.

Tarehe 20 Januari 2024 alianguka kutoka kwenye ngazi akibadilisha balbu, akavunjika nyonga, akalazwa wodi hiyohiyo. Mjukuu alimpa simu aitazame picha yake peke yake, akaikataa, akaagiza mtambo wake wa zamani uletwe kutoka nyumbani, na shuka jeupe. Mama aligoma, akamkumbusha aibu ya zamani, naye akashikilia kwamba safari ile aliwaletea wagonjwa akiwa amesimama, safari hii amelala nao. Tarehe 3 Februari mwashi alianguka, baba akacheka wa kwanza, huku ameshika nyonga na kulalamika, akafuata wa kitanda cha pili mwenye plasta mguuni, kisha wodi nzima, na mama, ambaye tangu harusi hakuwahi hata kuitabasamia picha hiyo, akaambiwa na muuguzi apunguze sauti.

Nimonia ilimchukua tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi mkuu aliyetoa ruhusa, majirani waliobeba mtambo, na wenzake wa ukumbini waliofika leo.

Pumzika kwa amani, Zimataa, leo taa tunakuzimia sisi.