Karanga za Dirishani: Maisha ya Mwalimu Enifa Mkwezalamba, 1961–2019

Mwalimu Enifa Mkwezalamba alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika kijiji cha Kampanje, wilaya ya Ntcheu, hapa Malawi. Anayesoma hapa ni mdogo wake, Falesi, na kila neno, ila yale ya kifo chake, marehemu alilipitisha mwenyewe akiwa kitandani. Kwa hiyo asije mtu akasema msiba umemvuruga Falesi akili.

Shule alianza mwaka 1968. Alikuwa mzito wa kusoma. Darasa la pili alilirudia mara mbili, kwa viboko, mpaka mwalimu mmoja alipomkalisha kando akamfundisha herufi kwa kuzichora kwenye unga. Mwaka 1982 alihitimu ualimu huko Blantyre, na unga ule hakuusahau.

Mwaka 1984 aliolewa na marehemu Bwana Stanford, fundi baiskeli, aliyependa kusema, "Mke wangu hata kuku anawauliza mmoja mmoja wamefika wapi." Walipata watoto watatu.

Katika Shule ya Msingi Chimpeni alipewa darasa la nne, watoto mia na sita. Aliwapanga makundi matatu. Wa dirishani walihesabu karanga, wa katikati waliandika sentensi, wa mlangoni walisoma gazeti na kulisimulia. Kila Ijumaa aliwapima, na aliyehama kundi alipigiwa makofi na darasa zima.

Ijumaa ya tarehe 23 Septemba 1994 akaingia mkaguzi, Bwana Wyson Chidothe. Ndiye yule pale, kiti cha tatu mbele, tai ya kijani.

"Mama, darasa moja kazi tatu? Hii shule au soko?"

"Bwana, kwani kwako kichanga na babu mnawakatia tonge moja la nsima?"

Watoto wakacheka. Bwana Chidothe hakucheka. Alimnyooshea kidole Davie wa dirishani, akamwita mbumbumbu mla karanga, kisha akaandika kurasa tatu kwamba Mwalimu Enifa hajui kufundisha, akamwachia nakala. Dada yetu akaondolewa darasani, akawekwa stoo kulinda majembe miaka sita. Miaka sita, jamani! Alilia mpaka macho yakavimba.

Mwalimu mpya aliwanakilisha wote ubao mmoja. Bwana Chidothe aliporudi, alichagua daftari moja kuwa safi kuliko yote, akaandika "Kazi nzuri sana" na kutia sahihi. Lilikuwa la Davie. Alinakili hata tarehe bila kosa, na hakujua kusoma hata jina lake. Hakuna aliyemwambia asome.

Davie alijifunza kusoma stoo, wakati wa mapumziko, juu ya gunia, kwa karanga zilezile. Daftari lile Mwalimu Enifa alilitunza miaka ishirini na mitano.

Mwaka 2012 Bwana Chidothe alizunguka mashuleni akifundisha walimu kugawa darasa kwa makundi, wengine wahesabu karanga, akapewa cheti. Alipouliza nani ana swali, marehemu alisimama nyuma: "Mwalimu wa stoo analo. Karanga hizo umezitoa wapi?" Mpaka leo hajajibiwa, na zile kurasa tatu hazijawahi kufutwa.

Kisukari kilimpata mwaka 2015, mguu ukakatwa mwaka 2018. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho kwa Falesi lilikuwa, "Bwana Chidothe akija na shada, lipokeeni. Ila asome kwanza."

Ameacha watoto, Tiyanjane, Mphatso na Limbani, wajukuu saba, mdogo wake Falesi, na wanafunzi wasiohesabika. Mmoja wao ndiye mkuu wa vijana waliochimba kaburi, na mnajua kwetu bila ruhusa yao jeneza halitoki uani. Anaitwa Davie. Mkono wa kulia ameshika daftari lake, na wa kushoto zile kurasa tatu.

Mwalimu wetu alale salama, amechoka kungoja. Bwana Chidothe, simama, pokea kurasa zako, usome kwa sauti, halafu utuambie kama ni kweli. Soma kwa kadiri ya uwezo wako. Hapa hatumharakishi mtu.